Lugha katika Safari ya Rufaa: Kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania

Sheria ya mwaka 1929 iliziweka mahakama za wenyeji za Tanganyika chini ya maofisa wa utawala. Rufaa ilipanda kwa ofisa wa wilaya, kisha wa jimbo, hadi kwa Gavana. Mahakama Kuu ilikaa kando. Mwananchi alikuwa na mahakama, lakini hakuwa na njia ya kuwafikia majaji. Njia hiyo ilifunguliwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoiunganisha Mahakama ya Mwanzo na Mahakama Kuu katika mfumo mmoja. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika.

Mfumo ulikuwa mmoja, lugha mbili. Katika Mahakama ya Mwanzo hakimu na wazee washauri walisikiliza shauri kwa Kiswahili, na mawakili hawakuruhusiwa. Katika Mahakama Kuu Kiswahili kiliweza kusemwa, ila kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili si dogo. Kwa kawaida mahakama ya rufaa haiwasikii mashahidi upya. Husoma mwenendo wa shauri. Aidha, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halifiki Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria. Mdaawa aliyejieleza mwenyewe chini alihitaji mtu wa kumsemea juu, na hata aliposhinda aliweza kushindwa kuzisoma sababu za ushindi wake.

Shauri la Muleba, mkoani Kagera, linadhihirisha hali hiyo. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, si kuiuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja aliiuza ardhi aliyorithi kwa baba yake. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliyathibitisha mauzo kwa kutegemea haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Hukumu hiyo, ambayo pengine ndiyo inayotajwa zaidi katika mjadala wa haki za wanawake nchini, iliandikwa kwa Kiingereza. Wazee washauri, ambao mila waliyoizoea ndiyo iliyokuwa imetenguliwa, hawakuandikiwa wao.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, pamoja na vighairi vyake. Hatua hiyo inastahili pongezi, lakini inahusu zaidi mashauri yajayo. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo bado anafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Rufani ya zaidi ya miaka 40, nayo kwa sehemu kubwa yamo katika lugha ambayo mdaawa aliye mbele yake haisomi.