Matufe ya Pembe katika Ukumbi wa Michael Phelan

Mwanafunzi wa historia katika shule zetu hujifunza safari ya pembe za ndovu mpaka pwani, halafu habari hukatika. Huonyeshwa katika ramani njia itokayo Ujiji, kupita Tabora, mpaka Bagamoyo. Huambiwa kwamba pembe zilivushwa Unguja, zikapimwa kwa frasila, zikauzwa kwa wageni. Je, huko ughaibuni zilikwenda kufanya nini? Jibu la kawaida ni kwamba zilifanywa mapambo. Si jibu la uongo, lakini halitoshi. Nyingi zilipasuliwa kuwa vibao vyeupe vya vinanda, na nyingine zikachongwa kuwa matufe ya biliadi, mchezo unaochezwa juu ya meza pana iliyotandikwa kitambaa, ambapo mchezaji hulisukuma tufe lake kwa ncha ya fimbo likagonge mengine. Katika makala haya tutaiacha pwani kwa kitambo, twende New York, tuingie katika ukumbi mmoja wa mchezo huo.

Msimamizi wake aliitwa Michael Phelan. Alizaliwa Ireland akapelekwa Marekani angali mtoto. Baba yake alikuwa na kumbi za biliadi mjini New York, hata kijana akakulia kando ya meza. Wakati huo kumbi hizo zilikuwa na sifa mbaya. Watu wa heshima waliziona kuwa maskani ya wacheza kamari na walevi. Phelan alishika kazi ya kuubadili mtazamo huo. Mwaka 1850 alitoa kitabu kiitwacho Billiards Without a Master, kitabu cha kwanza kuandikwa Marekani juu ya mchezo huo, akaueleza kuwa ni elimu ya pembe za miraba na ya utulivu wa mkono. Alikwenda California katika siku za mbio za dhahabu, akaendesha ukumbi San Francisco, kisha akarudi New York na kufungua ukumbi penye njia panda ya Broadway na Mtaa wa Kumi.

Phelan hakuwa mchezaji tu. Yeye na mkwewe, Hugh Collender, walitengeneza meza na kuziuza, na alipata hati za serikali za kulinda uvumbuzi wake wa kingo za mpira ambazo tufe hugonga na kurudi. Kwa hiyo ukumbi ulikuwa pia duka, na jina la bingwa lilikuwa tangazo lake.

Jina hilo lilithibitishwa mjini Detroit tarehe 12 Aprili 1859. Phelan alikutana na John Seereiter katika Fireman's Hall, dau likiwa dola 15,000, fedha nyingi mno kwa zama zile. Walicheza kwa matufe manne, na mshindi angekuwa yule atakayetangulia kufikisha pointi 2,000. Walianza jioni, wakamaliza karibu na alfajiri. Phelan alipata 2,000, Seereiter 1,904. Magazeti yalieneza habari hizo nchi nzima.

Sasa na tulitazame tufe lenyewe, maana hapo ndipo ukumbi wa Broadway unapokutana na bara letu. Si kila pembe ifaayo. Pembe kubwa ya dume, ambayo katika hadithi ndiyo yenye thamani, haikuwa chaguo la mchongaji wa matufe. Yeye alitaka pembe ndogo, aghalabu ya jike, iliyonyoka, kwa kuwa mshipa upitao ndani yake huenda katikati barabara. Sehemu ya shinani ni wazi kama mwanzi, haina kazi. Tufe hukatwa karibu na ncha, hivyo kwamba mshipa upite katikati ya kitovu chake. Tufe likikatwa upande, huwa zito upande mmoja na halibingiriki sawa. Hata pembe nzuri haikutoa zaidi ya matufe machache. Baada ya kuchongwa, yaliwekwa miezi mingi yakauke, kwani pembe ni kitu kilichokuwa hai: hunywa unyevu, hutanuka, hupasuka.

Hatusemi kwamba matufe yale ya Detroit yalitoka Tabora. Pembe zilitoka pia Afrika ya Magharibi na Asia. Walakini wafanyabiashara wa Marekani walikuwa na fungamano la pekee na Unguja. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja akiwa balozi mdogo wake wa kwanza. Meli zilileta nguo za pamba zilizofumwa Massachusetts, ambazo wazee wetu waliziita merikani, zikarudi na sandarusi na pembe. Katika jimbo la Connecticut kuna mji ambao hata leo huitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe.

Hapa yafaa kuwakumbusha walimu jambo moja. Husemwa mara kwa mara kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa. Watumwa walikuwamo, na mateso yao hayapunguzwi na neno lolote. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia ufundi wao. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, nao waliubeba begani kwa miezi. Pointi za Seereiter tunazo zote, 1,904. Majina ya wapagazi wa mwaka ule karibu yote yamepotea.

Bei ya pembe ilipopanda, Phelan na Collender waliona biashara yao i hatarini. Katika miaka ya 1860 walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayegundua kitu cha kushika mahali pa pembe. Hawakuwahurumia ndovu, walihofia matufe kuadimika. Mpiga chapa wa Albany, John Wesley Hyatt, aliifuata zawadi hiyo, na mwaka 1870 yeye na nduguye wakapata hati ya seluloidi, mmoja wa mama wa plastiki zetu zote. Matufe yake ya awali yalipakwa utando ulioshika moto upesi. Hyatt mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwenye kilabu mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa matufe yakigongana kwa nguvu hulia kama risasi, na kila mtu ukumbini huchomoa bastola yake.

Phelan alikufa mwaka 1871, mwaka mmoja baada ya hati hiyo. Mabingwa waliendelea kuchezea pembe kwa miaka mingi, kwa kuwa mkono wao uliizoea. Mwaka 1989 Tanzania ilipopeleka mjini Lausanne pendekezo la kupiga marufuku biashara ya pembe duniani, nalo likakubaliwa, matufe ya pembe yalikwisha kuwa vitu vya makumbusho. Wanunuzi wa wakati huo walizitaka kwa mihuri na vidani.