Tuzo Apewe Nani?



Wapendwa waamini wa Isikizya, katika miaka ya 1920 Waingereza walifungua Shule ya Tabora, hasa kwa ajili ya wana wa machifu. Hata Julius Nyerere, aliyeingia humo mwaka 1937, alikuwa mwana wa chifu. Aliyenacho aliongezewa.

Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kupanga shule kwa ufaulu, lakini ikaweka tuzo pia kwa shule zilizopiga hatua. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Ushindani ulipoa, swali la nani atuzwe likabaki.

Injili inalijibu (Mt 25:14-30). Mtumishi aliyepewa talanta mbili akazalisha mbili alisifiwa sawasawa na mwenye tano. Bwana alipima faida kwa kadiri ya alichompa kila mmoja.

Basi, siku ya mahafali wa kwanza apongezwe, maana naye amefanya kazi. Lakini aliyepanda kutoka alama 15 hadi 40, huku akitembea maili nyingi kwenda shule, naye aitwe mbele ya wazazi.

Tafakari njema.