SOMO LA HISTORIA: BENDI YA NATIONAL WAKE

Leo tutasoma habari za vijana wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, na bendi yao iliyodumu miaka mitatu tu.

Kwanza tukumbuke hali ya nchi ile siku hizo. Sheria ya mwaka 1950 iligawa miji kwa rangi za watu. Mzungu alikuwa na mtaa wake, Mwafrika naye wake, na Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande kila aendako. Tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Polisi wakawapiga risasi, na wengi wakafa.

Mwaka 1979 Ivan Kadey, Mzungu mpiga gitaa, aliungana na ndugu wawili wa Soweto: Gary Khoza, mpiga gitaa la besi, na Punka Khoza, mpiga ngoma. Baadaye akaingia Steve Moni, naye mpiga gitaa. Bendi yao waliiita National Wake, yaani mkesha wa matanga ya taifa.

Siku hizo vijana wa Uingereza walipenda panki, muziki wa haraka na wa makelele, usemao wazi mambo yanayowaudhi watu. Bendi hii iliuchukua muziki huo, ikauchanganya na rege, fanki na midundo ya Kiafrika. Tena wenyewe walikaa pamoja katika nyumba moja, katika mtaa wa Wazungu. Hilo sheria ililikataza.

Mwaka 1981 walitoa santuri yao. Serikali ikatia mkazo, santuri ikaondolewa madukani. Zilizouzwa zilikuwa kiasi cha 700 tu. Polisi nao waliwaandama. Ilipofika mwaka 1982, bendi ikavunjika.

Vijana hawa hawakuwa na silaha. Lakini kila aliyewatazama jukwaani aliona kwa macho yake jambo ambalo sheria ilisema haliwezekani: weusi na weupe wakifanya kazi moja, kwa mapigo mamoja.

Sheria ile ya mitaa ilifutwa mwaka 1991. Nyimbo zao zilitolewa upya Marekani mwaka 2013.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kwa nini kukaa nyumba moja kulikuwa kosa?
2. Serikali yenye jeshi na polisi iliogopa nini katika magitaa na ngoma?
3. Je, bendi ikivunjika, kazi yake nayo imekwisha?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.