Melba Liston: Mpangaji Muziki, Mwalimu, na Nafasi ya Kiswahili katika Jazi ya Marekani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na urithi wa Melba Liston (1926–1999), mpigaji tromboni, mpangaji muziki na mwalimu wa Marekani. Hoja kuu ni kwamba kazi ya mpangaji na ya mwalimu, ingawa ndiyo huurithisha muziki kwa vizazi, husahaulika upesi isipowekewa kumbukumbu. Hoja hiyo inaigusa historia ya Kiswahili moja kwa moja.

1.0 Malezi na Ufundi

Liston alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926, na akaanza kupiga tromboni akiwa na umri wa miaka saba. Mwaka 1937 alihamia Los Angeles, ambako alilelewa kimuziki katika bendi ya vijana ya mwalimu Alma Hightower. Katika miaka ya 1940 alijiunga na okestra ya Gerald Wilson, kisha bendi ya Dizzy Gillespie. Mwaka 1949 alisafiri na Billie Holiday katika majimbo ya kusini, ziara iliyokosa watazamaji na kuishia katika ukata. Baada yake aliacha muziki kwa muda akafanya kazi ya ofisini.

Gillespie alimrejesha ulingoni mwaka 1956 kwa ziara ya Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani. Miongoni mwa wapigaji ala alikuwa mwanamke pekee. Baadhi ya wanaume bendini walitilia shaka uwezo wake hadi walipozipiga nota alizoziandika.

2.0 Uhuru Afrika

Ushirikiano wake mkubwa ulikuwa na mpigaji piano Randy Weston. Mnamo Novemba 1960, jijini New York, walirekodi Uhuru Afrika. Langston Hughes aliandika maneno, Babatunde Olatunji na Max Roach walikuwa miongoni mwa wapigaji ngoma, naye Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, alighani kwa Kiswahili. Majina ya sehemu zake, kama vile Uhuru Kwanza na Kucheza Blues, yanaonyesha kuwa lugha hii haikuwekwa kama pambo. Ilichukuliwa kuwa lugha ya Afrika nzima. Mwaka huo nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru, ilhali Tanganyika yenyewe ilisubiri hadi tarehe 9 Desemba 1961. Utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini baadaye uliipiga marufuku albamu hiyo.

Aliyezipanga sauti hizo zote alikuwa Liston. Weston alitunga kwenye piano. Liston ndiye aliyezigawa tungo hizo kwa tarumbeta, saksofoni, tromboni, ngoma na waimbaji, akiamua nani aingie lini na nani anyamaze. Hata hivyo, jalada la albamu hubeba kwanza jina la kiongozi wa bendi, na masimulizi mengi hufuata jalada.

3.0 Miaka ya Jamaika

Kuanzia mwaka 1973 hadi 1979 Liston alifundisha katika Jamaica School of Music, jijini Kingston. Uamuzi huo ulikuwa na gharama: mwanamuziki anayetoka New York hutoweka katika magazeti na katika studio. Lakini ulikuwa pia na mantiki. Yeye mwenyewe alikuwa zao la mwalimu wa mtaani. Alijua kuwa ufundi wa kupanga muziki hujifunzwa kwa kukaa na anayeujua. Alirudi Marekani mwaka 1979 akaunda bendi yake. Kiharusi cha mwaka 1985 kilimzuia kupiga tromboni, lakini hakikumzuia kuandika: kwa msaada wa kompyuta alipanga The Spirits of Our Ancestors ya Weston, iliyorekodiwa mwaka 1991. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999.

4.0 Hitimisho

Watafiti wanaweza kuipima kazi ya Liston leo kwa sababu nyaraka na nota zake zilihifadhiwa Chicago. Bila karatasi hizo, mchango wake ungebaki sifa za mdomoni. Hapa ndipo penye funzo kwa Afrika Mashariki, ambako historia ya bendi za dansi na taarabu huandikwa kwa majina ya viongozi na waimbaji, huku wapangaji na walimu wao wakiachwa gizani. Kila tarehe 7 Julai kuenea kwa Kiswahili duniani husherehekewa. Sherehe hiyo itakuwa na uzito zaidi iwapo taasisi za kanda zitafanya mambo matatu: kukusanya nota na kanda za wanamuziki wangali hai, kuwataja wapangaji katika kila rekodi inayohifadhiwa, na kuwathamini walimu wa muziki kama watunzaji wa urithi. Kupotea kwa mwalimu mmoja ni kupotea kwa maktaba ambayo haikuwahi kuorodheshwa.