Kenya: Mambo ya kuhakikisha kabla ya kununua nyumba yenye mpangaji

Nyumba inayouzwa ikiwa na mpangaji ndani humvutia mnunuzi anayeanza, kwa kuwa mapato huingia tangu mwezi wa kwanza. Hata hivyo, nchini Kenya anayenunua nyumba ya namna hiyo hapati kuta na paa peke yake. Hurithi pia mapatano aliyoyafanya mwenye nyumba wa zamani. Makala haya yanaeleza mambo ya kuhakikisha kabla ya kutia saini, hasa kwa wasikilizaji wetu wasio raia wa Kenya.

Haki ya asiye raia

Kifungu cha 65 cha Katiba ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodishiwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hati ikitaja umiliki wa kudumu, kwake huhesabiwa kuwa wa miaka 99. Kwa hiyo ni muhimu kuuliza imebaki miaka mingapi katika hati inayouzwa. Ardhi ya kilimo ina masharti makali zaidi, na mgeni hawezi kuinunua bila msamaha maalumu.

Daftari la ardhi halisemi yote

Upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi huonyesha jina la mmiliki, mkopo uliowekewa nyumba dhamana na vizuizi vilivyosajiliwa. Mpangaji wa kawaida hatajwi humo. Pamoja na hayo, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inatambua pango lisilozidi miaka miwili, na pango la mwezi kwa mwezi, hata kama halikusajiliwa. Mnunuzi hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Kwa sababu hiyo, muuzaji aombwe nakala ya mkataba wa pango, kumbukumbu za malipo za mwaka mzima na maelezo ya malimbikizo. Kisha, kwa idhini yake, mnunuzi azungumze na mpangaji mwenyewe. Kilicho bora ni barua fupi iliyotiwa saini na mpangaji na muuzaji, ikitaja kiasi cha pango, tarehe ya kulipa, amana iliyowekwa na matengenezo yaliyoahidiwa. Mpangaji akisema analipa shilingi 22,000 ilhali muuzaji alitaja 30,000, bei ya nyumba haina budi kujadiliwa upya.

Amana na pango la mwezi wa mauzo

Amana, ambayo wengi huiita dipoziti, mara nyingi ndiyo chanzo cha ugomvi. Mpangaji alimkabidhi mwenye nyumba wa zamani, lakini siku ya kuhama atamdai mpya. Mkataba wa mauzo useme wazi kwamba amana itakabidhiwa kwa mnunuzi au kukatwa katika bei. Pango la mwezi wa mauzo nalo ligawanywe kwa siku. Nyumba ya shilingi 30,000 ikikabidhiwa mwishoni mwa siku ya 10 ya mwezi wenye siku 30, na muuzaji amekwisha kupokea pango lote, mnunuzi anastahili shilingi 20,000.

Kama unataka kuhamia mwenyewe

Mabadiliko ya umiliki peke yake hayamwondoi mpangaji. Mwenye mkataba wa muda maalumu ana haki ya kukaa hadi muda huo uishe, isipokuwa mkataba useme vingine. Anayelipa kwa mwezi bila mkataba wa muda hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Nyumba za kuishi ambazo pango lake halizidi shilingi 2,500 zina ulinzi wa sheria ya kudhibiti pango. Maduka, hoteli na mikahawa vina sheria yake: notisi hutolewa kwa fomu maalumu, angalau miezi miwili kabla, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza la migogoro ya pango la majengo ya biashara. Kung'oa mlango au kukata maji ili mtu atoke ni kujitafutia kesi.

Gharama na ushuru

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani ya mali mjini na asilimia 2 mashambani. Nyumba ya mjini yenye thamani ya shilingi milioni 5 hudai shilingi 200,000. Muuzaji aonyeshe kwamba hana deni la ada za ardhi kwa kaunti, la maji wala la umeme.

Tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi hulipa asilimia 7.5 ya pango lote, bila kutoa gharama. Kwa asiye mkaazi, kiwango ni asilimia 30. Pango la shilingi 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka: wa kwanza hulipa 27,000, wa pili 108,000. Tofauti hiyo yaweza kugeuza faida kuwa hasara.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Anayenunua nyumba yenye mpangaji na alisome daftari la mpangaji, si la ardhi pekee, na wakili wake aone yote mawili kabla ya fedha kutoka.