Ushanga wa Akiki katika Historia ya Bahari ya Hindi

Miongoni mwa bidhaa zilizovuka Bahari ya Hindi katika zama zilizopita, ni chache zilizodumu kama ushanga wa akiki. Nguo huoza, chuma huliwa na kutu, dhahabu huyeyushwa ikafanywa pambo jingine. Lakini akiki hukaa ardhini miaka elfu na zaidi, nayo ikitoka huoshwa tu ikavaliwa tena. Kwa sababu hiyo ushanga huu ni shahidi mwema wa historia. Hata hivyo ushahidi wake una sharti moja, nalo ni kwamba mahali ulipotolewa pajulikane. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ushanga wa akiki ulivyofanywa, ulivyosafiri na ulivyovaliwa, na kuonyesha hasara ipatikanayo pindi unapookotwa na kuuzwa bila ya kuandikiwa asili yake.

Jina

Neno akiki limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kupasua au kukata. Bonde lililokatwa na maji ya mvua nalo huitwa kwa jina hilo, mathalan Wadi al-Aqiq iliyo karibu na Madina. Kutokana na mzizi huo huo Kiswahili kimepata neno akika, yaani mnyama achinjwaye kwa ajili ya mtoto mchanga. Wareno nao walilichukua jina la jiwe pamoja na kibainishi chake cha Kiarabu, wakasema alaqueca. Hivyo jina lilisafiri na bidhaa, likabadilika kwa kadiri ya ndimi za wanunuzi.

Wataalamu wa madini hulitenga jiwe lenye mistari na lile lenye wekundu mtupu, wakayapa majina mawili, ingawa yote ni ya jamii moja. Msemaji wa Kiswahili hutosheka na neno akiki. Kwa hiyo mtu asomaye taarifa za uchimbuaji wa mambo ya kale yampasa atazame chini ya majina yote mawili, asije akadhani kwamba akiki ilikuwa adimu mahali ambapo kwa kweli ilikuwapo.

Kazi

Akiki haiokotwi ikiwa ushanga. Ni jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida, na kulitoboa ni kazi ya subira. Kazi hiyo ilianza kale mno katika Bara Hindi. Huko Chanhu-daro, katika bonde la mto Indus, Ernest Mackay alichimbua mnamo miaka ya 1935 na 1936 karakana ya watengenezaji shanga wa zama za ustaarabu wa Harappa. Shanga za akiki za mtindo wa Indus zilionekana pia katika makaburi ya wafalme wa Ur, nchini Iraki, ambako Leonard Woolley alichimbua kati ya 1922 na 1934. Makaburi hayo yalizikiwa katikati ya milenia ya tatu kabla ya Kristo. Ni dhahiri basi kwamba biashara ya akiki kwa njia ya bahari ni kongwe kuliko miji yote ya pwani ya Afrika ya Mashariki.

Katika karne za baadaye mahali palipopata sifa kuu ni Khambhat, bandari ya Gujarat ambayo Wazungu waliiita Cambay. Mawe yalichimbwa Ratanpur, karibu na mto Narmada. Yalianikwa juani kwa muda mrefu, kisha yakatiwa katika vyungu na kuokwa kwa moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Joto hilo huibadili chembe ya chuma iliyomo ndani ya jiwe, na rangi ya manjano au ya hudhurungi ikawa nyekundu. Baada ya hapo fundi aliketi mbele ya mwamba wa chuma wenye ncha uliopigiliwa ardhini, akaliegemeza jiwe kwenye ncha hiyo, akaligonga kwa nyundo ya pembe ya nyati iliyotiwa katika mpini mwembamba. Jiwe lililokwisha umbika lilisagwa, likasuguliwa, kisha likatobolewa kwa keke ya uta yenye vipande vya almasi kwenye ncha yake. Tundu lilianzwa upande mmoja, likamaliziwa kwa upande wa pili. Mwisho shanga zilitiwa katika mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga wa akiki, na mfuko ukabiringishwa siku kadha wa kadha mpaka shanga zing'are.

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Vumbi litokalo wakati wa kusaga jiwe huingia mapafuni na kuleta ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Wasagaji wa Khambhat, na hata jirani zao, wamefariki kwa ugonjwa huo hadi katika zama zetu hizi. Historia ya pambo hili haikamiliki pasipo kuwataja.

Safari

Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika yapata mwaka wa 1516, alieleza kwamba shanga na nguo za Cambay zililetwa Mombasa, Malindi na Kilwa, na kutoka huko zikapelekwa Sofala katika vyombo vidogo ili zibadilishwe kwa dhahabu na pembe za ndovu. Aliutaja pia mji wa Limodra, ndani ya Gujarat, uliokuwa na mafundi wa akiki. Maandishi yake yathibitishwa na ardhi yenyewe. Shanga za akiki zimepatikana Kilwa, ambako taarifa ya Neville Chittick ilichapishwa mwaka wa 1974; na zimepatikana katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, uliochimbuliwa na Mark Horton kuanzia mwaka wa 1980. Idadi yake ni ndogo ikilinganishwa na shanga za kioo, na hilo lenyewe ni habari: kioo kilikuwa bidhaa ya wengi, akiki ya wachache.

Haifai kufikiri kwamba watu wa pwani walikuwa wanunuzi tu waliongoja jahazi. Katika miji ile ile ya mwanzo vimeonekana vigae vyenye mifuo, ambavyo mafundi wenyeji walivitumia kusugulia shanga za makombe ya baharini. Mtu aliyenunua akiki alitoka katika jamii iliyokwisha jua maana ya kutoboa, kusugua na kutunga. Aliweza kuipima kazi ya fundi wa ng'ambo kwa jicho la mjuzi.

Wala safari haikuwa ya upande mmoja. Juu ya kilima karibu na machimbo ya Ratanpur lipo kaburi la Bava Gor, walii anayeheshimiwa hasa na Wasidi, yaani watu wa Gujarat wenye asili ya Kiafrika. Wazee wao walifika huko katika nyakati mbalimbali, wengi wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Mapokeo yao yasema kwamba Bava Gor alikuwa Mwafrika, na kwamba ndiye aliyeistawisha biashara ya akiki. Mwanahistoria hawezi kuyapokea mapokeo hayo kama tarehe ya kuanza kwa kazi, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwapo tangu zama za Harappa. Walakini hana haki ya kuyatupa. Hadithi humweka Mwafrika katikati ya biashara, mahali jiwe linapotoka, ilhali vitabu vingi humweka mwishoni tu, mahali linaponunuliwa. Wasidi humtukuza walii huyo kwa mchezo uitwao goma, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Ushanga ulikuja huku. Ngoma ikaenda kule.

Uvaaji

Akiki ilivaliwa kwa sababu zaidi ya moja. Waislamu wa nchi nyingi wameitia katika pete, na ile ya Yemeni husifiwa kupita nyingine. Wanaga wa kaskazini-mashariki ya Bara Hindi wamevaa shanga ndefu za akiki kutoka Khambhat kama alama ya cheo na mali. Katika Afrika ya Magharibi, huko Igbo-Ukwu nchini Nigeria, Thurstan Shaw alichimbua mwaka wa 1959 na 1960 chumba cha maziko cha mtu mkubwa pamoja na hazina nyingine. Shanga zilizopatikana, za kioo na za akiki, zilipita 165,000. Kwa kuwa zilionekana mahali pake, pamoja na shaba iliyofanyiwa kazi kwa ustadi, zilieleza jambo ambalo hakuna kitabu kilicholieleza: kwamba yapata karne ya 9 watu wa nchi ile walikuwa na utaratibu wa heshima na biashara iliyofika mbali.

Ukusanyaji

Hapa ndipo penye shauri zito. Tangu miaka ya 1960 shanga kuukuu za Afrika zimetafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Anayeinunua akiki hupenda kuambiwa kwamba ni ya kale, na muuzaji humwambia. Lakini kuanzia karne ya 19 mafundi wa Idar-Oberstein, nchini Ujerumani, walitengeneza shanga za akiki kwa ajili ya soko la Afrika, wakitumia mawe yaliyotoka Brazili na kuziiga zile za Bara Hindi. Ushanga wa namna hiyo uliovaliwa na vizazi vitatu huchakaa midomo ya tundu kwa uzi na kung'aa kwa jasho la mwili. Jicho pekee haliwezi sikuzote kuutenga na ule wa miaka mia tano. Tabaka la udongo ndilo litengalo, nalo huvurugika mara tu mchimbaji wa siri anapotia jembe.

Mfano wa Mali watosha kuwa onyo. Mabonde ya mto Niger yalipekuliwa kwa ajili ya sanamu na shanga, hata serikali ikatunga sheria mwaka wa 1985, na Marekani nayo ikazuia vitu hivyo kuingizwa kwake mwaka wa 1993. Kenya ilipitisha mwaka wa 2006 sheria ya makumbusho na urithi wa taifa, ambayo humtaka mtu aliyevumbua kitu cha kale atoe taarifa. Sheria ni njema, ila pwani ni ndefu, na ushanga ni mdogo kuliko kidole.

Haifuati kwamba kuvaa akiki ni kosa. Ushanga uliorithiwa na bibi kutoka kwa mama yake una historia inayojulikana, nao ukivaliwa historia hiyo huendelea. Kinachodhuru ni kuung'oa ushanga katika ardhi iliyouhifadhi na kuufanya kitu kisicho na kwao. Walimu na wanafunzi wa pwani wanaweza kuzuia sehemu ya hasara hiyo kwa kazi isiyo na gharama: kumwuliza mwenye ushanga jina auitalo, aliyempa, na mahali ulipotoka, kisha kuyaandika majibu kwa maneno yake mwenyewe. Majina ya shanga yanayojulikana na wazee hayako yote katika kamusi, na yakizikwa pamoja nao hakuna mchimbuaji atakayeyafukua.