Saa ya Utulivu Makumbushoni

Wengi huamini kwamba makumbusho, tangu yalipozaliwa, ni jumba la kutazama tu: vitu ndani ya kabati za vioo, mikono nyuma, sauti chini. Kwa imani hiyo, mtoto anayeziba masikio kwa mwangwi wa ukumbi, anayeumizwa na taa kali au asiyetulia mpaka aguse, huonekana kuwa yeye ndiye asiyefaa kuwepo. Historia inakataa. Makumbusho ya Ashmolean yalifunguliwa Oxford mwaka 1683, na wageni wake walivishika vitu. Msafiri Celia Fiennes alieleza fimbo iliyoonekana nzito lakini ikawa nyepesi mno mkononi. Mwaka 1710 Mjerumani von Uffenbach alilalamika kwamba wageni walikuwa wakishikashika kila kitu. Marufuku ya kugusa ilipata nguvu karne ya 19, umati ulipoanza kumiminika na wasimamizi wakahofia mali yao. Ulikuwa uamuzi wa watu, kwa sababu za wakati wao.

Na hata karne hiyo na mwanzoni mwa iliyofuata, desturi ilipindwa palipokuwa na nia. Mwaka 1857 makumbusho ya South Kensington jijini London, ambayo leo ni Victoria and Albert, yaliwashiwa taa za gesi ili wafanyakazi waliobanwa na kazi mchana kutwa waweze kuja jioni. Makumbusho ya watoto ya Brooklyn, Marekani, yalifunguliwa mwaka 1899, yakaja kuikaribisha mikono ya watoto. Mwaka 1913, mjini Sunderland, Uingereza, J. A. Charlton Deas, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, alianza kuwakaribisha watoto wasioona wapapase wanyama waliokaushwa na mifupa. Kila mara ulibadilishwa mwanga, muda au ruhusa ya mikono, kwa ajili ya watu waliokuwa wamebaki nje.

Watoto ambao milango yao ya fahamu hupokea sauti, mwanga na mguso kwa ukali walichelewa kufikiwa, kwa kuwa hali yao ilichelewa kueleweka. Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943 alitaja hofu yao ya kelele, lakini ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoiweka hali hiyo ya hisia miongoni mwa vigezo vya utambuzi. Kwa miongo yote hiyo, mtoto aliyepiga yowe ukumbini alihesabiwa mtukutu, na mzazi wake mzembe. Siku hizi Makumbusho ya Sayansi ya London hutenga asubuhi maalumu: familia huingia kabla ya umma, na vionyesho vyenye makelele hupunguzwa sauti au kuzimwa.

Wapo wanaohofia kwamba vitu vitaharibika vikiguswa. Hofu hiyo ina haki kwa hati na vitambaa vya kale, lakini nakala za vitu hutengenezwa, na kupunguza sauti hakugusi kitu chochote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba saa ya watoto hawa peke yao ni ubaguzi uliopambwa. Nalikubali kwa nusu. Saa hiyo ikiwa ndiyo yote, watoto wamefichwa. Ikiambatana na chumba cha kupumzikia kila siku, wahudumu waliofundishwa, na ramani inayoonyesha penye kelele na penye giza, inakuwa njia ya kuwazoesha waje siku yoyote. Na aliyewahi kumlea mtoto wa namna hii anajua kwamba bila hatua ile ya kwanza, hatua ya pili haipo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 30, unataja makumbusho kwa jina. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Basi wasimamizi wa makumbusho ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam waanze na kilicho mikononi mwao: wafungue saa moja mapema siku moja ya mwezi, wapunguze taa, wazime vipaza sauti, na wawatangazie wazazi kwamba wanakaribishwa.